Lugha unaijua, lakini bei yake unaijua? Namna mtafsiri na mkalimani wanalipwa



Hapa kwetu Kivu kuko kazi moja ambayo karibu kila mtu mwenye lisansi ameifanya, hata yule ambaye bado anatafuta kazi: kutafsiri. Mtu wa mradi anakuja na karatasi za Kifaransa, anataka zifike kwa wakulima ao kwa wagonjwa. Anakuangalia, anasema: "Weye uko mutoto ya hapa, utusaidie tu kidogo." Ile "kidogo" inakula siku tatu, na mwisho unapewa pesa ya taksi.

Mimi nimesoma agronomia, sikusoma lugha. Lakini tangu nimalize masomo nimetafsiri maelezo ya kupanda mihogo, maswali ya ankete, sheria za koperative, na nimesimama katikati ya mtaalamu na wakulima mara nyingi kuliko nilivyopima udongo. Mradi mmoja ulituchukua kwa kuuliza watu maswali vijijini, tukalipwa kwa kila karatasi iliyojaa. Maswali yalikuwa kwa Kifaransa. Tuliyageuza kwa Kiswahili na kwa Mashi, usiku tatu mfululizo, na ndani ya kontra kazi ile haikuwa na hata mstari mmoja. Kisichoandikwa hakikulipwa. Kutoka hapo nilianza kuuliza wale wanaokula kupitia kazi hii: bei inatoka wapi? Haya njo nilijifunza.

1. Bei inaanzia kwenye kipimo

Tutenganishe kwanza. Mtafsiri anaandika, mkalimani anasema. Mtafsiri analipwa kwa neno, kwa ukurasa ao kwa saa. Mkalimani analipwa kwa saa, kwa nusu siku ao kwa siku. Kuko tena bei ya jumla, ile tunaita forfe, na ndiyo inamaliza vijana wengi juu inaficha ukubwa wa kazi.

Tuchukue mfano. Unapewa kitabu kidogo cha maneno 4,000, na mtu anakuambia: "Tutakupa dola 40." Inasikilika vizuri. Lakini mtafsiri anayefanya kazi safi anamaliza karibu maneno 2,000 kwa siku. Ni siku mbili, ongeza nusu siku ya kusoma upya na kusahihisha. Umepata dola 16 kwa siku, ni kusema senti moja kwa neno. Toa umeme, toa megabaiti, toa kwenda na kurudi. Kazi ile ile kwa senti nne kwa neno ingekuwa dola 160. Sikuambii kwamba senti nne ndiyo bei ya soko la Bukavu. Nakuambia ugawe kila forfe kwa hesabu ya maneno na kwa siku mbele ya kujibu ndiyo.

2. Maneno ya nani yanahesabiwa?

Hapa wengi wanapoteza bila kujua. Kiswahili kinafunga maneno mengi ndani ya neno moja. Mkulima anayeongea juu ya maharagi yake kwa Kifaransa atasema "nous ne les avons pas vendus", maneno sita. Kwa Kiswahili: "hatukuyauza". Neno moja! Kama unatafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili na mteja anahesabu maneno ya Kiswahili, sehemu ya jasho lako imepotea kwa sababu ya sarufi tu. Basi ukienda upande wa Kiswahili, mwombe ahesabu maneno ya Kifaransa uliyopewa. Tena ni rahisi kwenu wote wawili, juu hesabu inajulikana mbele ya kazi kuanza.

Na sauti? Sisi tunafanya sana zile mazungumzo ya vikundi yanayorekodiwa kwa telefone. Mtu anakuambia: "Ni saa moja tu ya sauti." Saa moja ya sauti, watu wanane wakikatana maneno, mbuzi analia nyuma, inaweza kuomba saa nne mpaka sita za kuandika. Hapo bado hujatafsiri. Kuandika ni kazi moja, kutafsiri ni kazi ya pili. Uliza bei kwa kila dakika ya sauti, na kila kazi iwe na mstari wake.

3. Mkalimani analipwa pia kwa kuchoka na kwa kungoja

Kuko namna mbili kubwa. Ya kwanza, mtu anasema, ananyamaza, unageuza. Ya pili, anasema na wewe unasema pamoja naye, bila kusimama. Hii ya pili inachosha kichwa haraka sana. Wakalimani wa mikutano mikubwa, ambao chama chao cha kimataifa, AIIC, kipo tangu 1953, wanafanya kwa timu na wanapokezana karibu kila nusu saa. Kwa hiyo mtu akikuweka peke yako katika semina kutoka asubuhi mpaka jioni, unabeba mzigo wa watu wawili. Omba mwenzako, ao omba wasemaji wawe wanasimama ili ugeuze.

Na siku ya mkalimani haianzii kwenye mkutano. Barabara ni kazi. Kungoja shefu afike ni kazi. Kusoma mada usiku wa mbele ni kazi. Perdiem ni ya kula na kulala. Usikubali ihesabiwe kama mshahara.

4. Nini inapandisha bei?

Uhaba. Wanaojua Kifaransa na Kiswahili ni wengi, kwa hiyo bei iko chini. Wanaojua kuandika vizuri Mashi, Kinande, Kihavu ao Kilega ni wachache, hata kama wasemaji ni wengi. Ukiongeza Kiingereza juu yake, wachache wanabaki kidogo zaidi.

Fani. Hii ndiyo nguvu yetu sisi tuliosoma kitu kingine. Chukua ule ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba. Mtafsiri asiyejua mashamba ataandika "kunyauka", na mkulima atafikiri ni jua kali. Wenye kusema Kinyarwanda wanauita kirabiranya, na wakisikia jina lile wanajua mara moja kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mwingine mbele ya kupita kwenye moto ao kwenye jiki. Neno moja linaweza kuokoa shamba. Mwenye sheria, mwenye udaktari, mwenye uchumi, kila mmoja ana maneno kama hayo, na mteja mwenye akili anayalipia.

Kiswahili cha wapi. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Shirika la Translators without Borders lilichunguza namna habari zilivyokuwa zinafika kwa watu. Lilionyesha kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu havikutosha. Watu walihitaji maelezo kwa Kiswahili kinachosemwa pale, na kwa lugha kama Kinande. Mnaona? Kile Kiswahili chetu ambacho wengine wanakicheka kilikuwa ujuzi wa kazi. Usikitaje kama aibu kwenye CV. Andika wazi: Kiswahili sanifu, na Kiswahili cha Kongo.

Uzito wa kosa. Kosa kwenye tangazo la semina linachekesha. Kosa mahakamani ao hospitalini linafunga mtu ao linamuua. Katika kesi ya Thomas Lubanga pale La Haye, iliyoanza Januari 2009, kuko mashahidi waliosema kwa Kiswahili cha kwetu, na maneno yao yalifika kwa majaji kupitia wakalimani. Kazi ya namna ile inaomba mtihani, kiapo na siri, na ndiyo sababu inalipa zaidi kuliko semina.

Mlipaji. Pengine hii inashinda zote. Marekani, ofisi ya takwimu za kazi iliandika kwamba Mei 2023 mshahara wa katikati wa watafsiri na wakalimani ulikuwa dola 57,090 kwa mwaka: nusu wanapata zaidi, nusu wanapata chini. Kule kuko Wakongomani wengi waliofika kama wakimbizi, na hospitali zinazopokea pesa ya serikali zinalazimishwa na sheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila yeye kulipa. Bei inasimama juu kuko sheria na kuko mlipaji. Sisi huku tuna Katiba ya 2006 inayotaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. Ni heshima nzuri, lakini heshima peke yake hailipi fakture. Kwa hiyo mbele ya kusema bei, tafuta kujua nani analipa mwishoni. Mara nyingi kati yako na mfadhili kuko watu wawili ao watatu, na kila mmoja anakata kipande chake.

5. Na mashine?

Google inatafsiri Kiswahili, na Lingala iliongezwa mwaka 2022. Wateja wamejua. Sasa wanaleta maandishi yaliyopita kwenye mashine na kusema: "Sahihisha tu." Bei inashuka, wakati kusahihisha kunaweza kukuchosha kuliko kuanza upya, juu mashine inaleta Kiswahili cha mbali ambacho mama wa Kabare hawezi kusema. Omba kwanza kuona ukurasa mmoja, kisha uliza bei ya saa, usikubali ya neno.

Mbele ya kusema ndiyo

Andika mistari mitano, hata kwa ujumbe wa WhatsApp: kazi ni ipi, kipimo ni kipi, hesabu ya maneno ao ya dakika, siku ya kumaliza, nani analipa na lini. Omba avansi, nusu kama inawezekana. Mtu wa kweli hatakasirika. Anayekataa kuandika siku ya kulipa amekujibu tayari.

Kuko kazi za bure, na ziendelee: jirani mgonjwa mbele ya daktari, barua ya mjane, maneno ya kanisa. Hizo unatoa wewe mwenyewe kwa roho yako. Lakini mradi wenye bajeti ya gari, ya hoteli na ya maji ya chupa, uwe pia na mstari wa lugha. Kama haupo, uliza kwa upole: "Kazi ya kutafsiri iko kwenye mstari gani?" Uliza mbele ya kufungua kompyuta, juu kazi ikiisha, swali lile halina nguvu tena.