Usingizi wa Tunguu: Vuli Huko Kiirua

Watu wa pwani huita vuli zile mvua zinyeshazo kuanzia Oktoba, na wafasiri nao wakaliazima neno hilo kwa msimu ambao miti ya Ulaya hupukutisha majani. Na kwa kuwa majira hayo mawili huangukia miezi ile ile, si ajabu mtu akadhani ya kwamba tunguu la tulipu analolifukia mtunza bustani wa Uholanzi mwezi wa Oktoba, mkulima wa Kiirua, upande wa Meru, naye aweza kulifukia siku hiyo hiyo na kungojea maua.

Sivyo. Tulipu ni ua la milima ya Asia ya Kati, ambalo Waajemi na Waturuki hulitaja kwa jina la lale, na ambalo Carolus Clusius alilipanda katika bustani ya chuo kikuu cha Leiden mwaka 1593, kabla halijawapumbaza wafanyabiashara wa Uholanzi hata bei yake ikaporomoka kwa ghafula Februari 1637. Ndani ya tunguu lake, kabla halijagusa udongo, ua changa limekwisha kuumbika, limekunjwa kama mtoto tumboni. Lakini bua halirefuki sawasawa mpaka tunguu lipitiwe na baridi ya majuma 12 au zaidi, baridi isiyozidi takriban nyuzi 9. Kiirua iko karibu na mstari wa istiwai, mchana na usiku ni sawa mwaka mzima, na ijapokuwa upepo wa Mlima Kenya hutuvalisha makoti alfajiri, jua la adhuhuri huupasha udongo joto tena. Tunguu lililokosa usingizi wake hutoa majani, na ua, likitoka, hufa likiwa chini karibu na udongo.

Mwenye kulipenda mno na aliweke ndani ya mfuko wa karatasi katika jokofu kwa muda huo, mbali na ndizi na matunda mengine yaivayo, kwani mvuke wake hulidhuru ua changa. Kisha alipande penye kivuli, kina cha sentimita 15 hivi. Atapata ua mara moja, na mwaka wa pili itambidi anunue tunguu jingine.

Hata hivyo, elimu hii ya usingizi si ngeni Kiirua, kwani ndiyo elimu ya kiazi. Mbatata nayo hulala baada ya kuchimbwa, ila haiamshwi na baridi ya miezi. Huamshwa na muda, na mwanga ukaisaidia kuamka vyema. Shangi, aina iliyotapakaa mikononi mwa wakulima kabla haijaidhinishwa rasmi, ina usingizi mfupi sana, na kwa sababu hiyo huwafaa wapandao misimu miwili, ingawa huwatesa wale watakao kuiweka ghalani wangoje bei. Mbegu ikifungiwa gizani huchipua nyuzi ndefu nyeupe zinazokatika ovyo. Ikitandazwa juu ya vichanja vya mbao, penye mwanga usio wa jua kali, huota machipukizi mafupi, manene, yenye rangi, yaliyoshika imara. Likitangulia chipukizi moja tu utosini, wazoefu hulivunja, ili macho mengine yapate kuamka.

Nilimtazama mama mmoja akichagua mbegu zake uani, akizigeuza moja moja kiganjani, akipendelea zilizo na ukubwa wa yai la kuku. Kiazi kimoja alikitenga papo hapo, kwa kuwa udongo ulikuwa umegandamana machoni pake. Akakikata, tukaona duara la kahawia ndani na ute mweupe ukichuruzika. Huo ni mnyauko, maradhi yakaayo ardhini na yasiyo na dawa, na kwangu mimi mkulima atumiaye nusu saa kutafuta alama hiyo amefanya kazi kubwa kuliko ya jembe.

Huko shambani, mitaro yake ilipishana sentimita 75, na kiazi na kiazi sentimita 30. Alikuwa akiinama, akikiweka kila kimoja machipukizi yakiwa juu, polepole yasivunjike, na bintiye nyuma yake akifukia, huku wingu likishuka kutoka mlimani.