Vitamini na joto la ukomo wa hedhi: lipi kweli, lipi uongo

Anayeuza mara nyingi ni mtu tunayemwamini: mwenzetu wa kikoba, mke wa mchungaji, msusi wetu wa miaka yote. Kopo limeandikwa "husawazisha homoni" na bei yake haiendani na mfuko wa anayelinunua. Lakini mama wa miaka 48 ambaye hajalala usingizi mzima kwa miezi hana nguvu ya kubishana. Ananunua, na likiisha ananunua lingine.

Mateso yake ni ya kweli, tena huchukua muda. Utafiti wa SWAN, uliofuatilia wanawake wa asili mbalimbali nchini Marekani, ulionyesha mwaka 2015 kwamba nusu ya waliokuwa wakipata joto la ghafla mara kwa mara walikaa nalo zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake Weusi ilikuwa zaidi ya miaka 10. Mtu anayebeba mzigo wa namna hiyo anastahili kuambiwa ukweli kabla hajafungua pochi.

"Joto la ghafla huletwa na upungufu wa vitamini."

Uongo, na humu ndimo uongo mwingine mwingi unamozaliwa. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna seli zinazolinda joto la mwili. Estrojeni huzituliza. Ovari zinapopunguza kutoa homoni hiyo, seli hizo huchangamka kupita kiasi, na mwili unaanza kushindwa kuvumilia hata badiliko dogo la joto. Umekunywa chai, au umefunikwa shuka moja tu, na ubongo unaamini unaungua. Mishipa ya ngozi inafunguka, kifua na uso vinawaka, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio. Dakika chache baadaye unatetemeka kwa baridi.

Wanasayansi wameuelewa mnyororo huu kiasi cha kutengeneza dawa, fezolinetant, inayozuia ujumbe unaozichangamsha seli hizo. Marekani iliiidhinisha Mei 2023. Upitie mnyororo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hutakuta mahali ambapo vitamini imepungua. Vitamini huponya upungufu wa vitamini, na joto hili halitokani na upungufu huo.

"Vitamini E hupunguza joto."

Kweli, lakini kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti yuniti 800 za vitamini E kila siku, kisha wakalinganisha na vidonge vitupu visivyo na dawa. Tofauti ilikuwa pungufu ya mara moja tu ya joto kwa siku. Mwanamke anayewaka mara kumi kwa siku akishuka hadi tisa hatalala vizuri zaidi. Na vitamini E kwa dozi kubwa huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu.

"Basi wanaotoa ushuhuda wanadanganya."

Uongo. Wengi wao wanasema walichokiona, na tukiwadharau tunawapoteza. Shirika la Cochrane, linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, lilichapisha mwaka 2004 uchambuzi wa tafiti za dawa za homoni. Wanawake waliopewa vidonge vitupu bila kujua, joto lao lilipungua kwa wastani wa asilimia 57.7 tangu mwanzo hadi mwisho wa utafiti. Zaidi ya nusu, na kidongeni hamkuwa na kitu.

Sababu ni mbili, na zote hufanya kazi pamoja. Ya kwanza, joto hili lina misimu yake: hupanda, hushuka, na baada ya muda huisha lenyewe. Hakuna anayenunua kopo wiki aliyolala vizuri. Hununua wiki mambo yamemshinda, wiki ambayo pengine ingefuatiwa na nafuu hata kama asingemeza chochote. Ya pili, kusikilizwa na kutarajia nafuu huleta nafuu. Hivyo mama anaposimama kikobani na kusema "mimi kilinisaidia", nafuu yake ni ya kweli. Kisichothibitishwa ni kwamba imetoka kwenye kopo. Ndiyo maana swali la kumwuliza muuzaji si "nani amepona?" bali "kililinganishwa na kidonge kitupu, na kikakishinda?"

Wengi wa washindani wanashindwa hapo hapo. Mafuta ya evening primrose yalishindwa mwaka 1994 katika utafiti mdogo uliochapishwa Uingereza. Mbegu za kitani zilishindwa Marekani mwaka 2011, na mafuta ya samaki ya omega-3 mwaka 2014. Soya ina habari ndefu zaidi: baadhi ya tafiti zimeonyesha nafuu kidogo, nyingine hakuna kitu. Huenda sehemu ya sababu ni kwamba si matumbo ya kila mtu yenye bakteria wa kugeuza viini vya soya kuwa ikwoli, ambayo ina nguvu zaidi. Soya ni chakula kizuri, kula. Ila usiilipie kama dawa.

"Ni ya mimea, kwa hiyo haina madhara."

Uongo, na bibi zetu waliokuwa wakichemsha mizizi walilijua hilo. Walipima, walionya, na mjamzito hawakumpa kila kitu. Mmea maarufu kuliko yote katika makopo haya ni black cohosh wa Amerika ya Kaskazini. Cochrane walipitia tafiti zake 16 mwaka 2012, zenye wanawake zaidi ya 2,000, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unafanya kazi. Kwa upande mwingine, kumeripotiwa watu walioumia ini baada ya kuutumia, na mamlaka za dawa za Uingereza na Australia zikaagiza onyo hilo liandikwe kwenye kopo. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi, acha kumeza na uende hospitali.

"Krimu ya kiazi kikuu pori hugeuka projesteroni mwilini."

Uongo, ingawa una chembe ya ukweli inayoufanya uaminike. Katika miaka ya 1940 mwanakemia Mmarekani Russell Marker alitafuta chanzo rahisi cha homoni akakipata Meksiko, katika viazi pori vya jamii moja na viazi vikuu tunavyopika huku kwetu. Humo mna diosjenini, na Marker aligundua jinsi ya kuigeuza projesteroni. Kazi hiyo ilifungua njia ya homoni za bei nafuu na, baadaye, vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini aliigeuza maabara, kwa kemikali na hatua kadhaa. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kufanya hatua hizo. Ukijipaka krimu hiyo, diosjenini inabaki diosjenini.

"Kalsiamu na vitamini D ni lazima kwa kila mwanamke aliyekoma hedhi."

Nusu kweli. Mifupa hupungua kwa kasi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, na mwanamke wa zaidi ya miaka 50 anashauriwa kupata takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kuipata si lazima kumeza kidonge. Gramu 100 za unga wa wimbi zina miligramu zaidi ya 300. Glasi ya maziwa ina takriban 300. Dagaa wanaoliwa wazima, na mifupa yao, ni hazina ambayo tumeizoea mpaka hatuioni.

Utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative uliwagawa wanawake 36,282 wa Marekani, wengine wakapewa kalsiamu na vitamini D, wengine vidonge vitupu, kwa takriban miaka 7. Matokeo yalitoka 2006: mifupa ya nyonga iliimarika kidogo, kuvunjika kwa nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Anayekula vibaya, anayekaa ndani au kujifunika asipate jua, na aliyepimwa akakutwa na upungufu, vidonge ni vyake. Kwa wengine, kutembea kwa kasi, kubeba vizito kwa mpangilio na sahani nzuri vinatangulia.

"Vidonge vya kuongeza damu ni vizuri umri huu."

Uongo, kama hujapimwa. Hedhi ikikoma, mahitaji ya madini ya chuma hushuka kutoka miligramu 18 hadi 8 kwa siku, kwa kuwa damu haipotei tena kila mwezi. Mwanamke wa umri huu akikutwa na upungufu wa damu, daktari anapaswa kutafuta inakopotelea.

Biotini nayo, inayouzwa kwa ajili ya nywele, huweza kuvuruga vipimo vya damu vya tezi ya shingo na hata vya mshtuko wa moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo 2017. Mwambie mtu wa maabara kama unaitumia.

"Vitamini haigongani na dawa za hospitali."

Uongo, na nawaomba dada zangu wanaotumia ARV wasome hapa taratibu. Kidonge kimoja cha kila siku kinachotumika sana sasa katika kliniki za Tanzania, Kenya na Uganda kina dolutegravir. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki huishika dawa hiyo tumboni na kuzuia isiingie vya kutosha kwenye damu. Ukimeza kalsiamu au chuma pamoja na kidonge chako tumbo likiwa tupu, dozi ya siku hiyo inapungua nguvu. Njia salama kwa kalsiamu au chuma ni kumeza vyote pamoja na chakula, au kumeza ARV muda wa saa mbili kabla ya madini, au saa sita baada yake. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinahitaji nafasi hiyo ya saa mbili au sita, hata kama umekula.

Mmea wa St John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni na hasira za kipindi hiki, ni hatari zaidi: hulifanya ini liondoe dawa haraka mwilini, zikiwemo ARV, vidonge vya uzazi wa mpango na warfarin ya kuyeyusha damu. Hakuna chakula wala saa ya kukwepa hilo. Najua kuna wanaoficha dawa zao hata kwa mume. Muuzaji wa kopo hana haki ya kujua hali yako. Mfamasia au mhudumu wa kliniki yako anayo sababu ya kulijua kopo lako.

"Hospitali hakuna msaada, ni kuvumilia tu."

Uongo, na huu ndio unaoniuma kuliko yote. Katika uchambuzi ule ule wa Cochrane, vidonge vya homoni vilipunguza idadi ya vipindi vya joto kwa asilimia 75 zaidi ya vidonge vitupu. Hofu ilienea mwaka 2002, utafiti wa homoni mbili zinazotumiwa pamoja, uliokuwa na wanawake 16,608, uliposimamishwa. Saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka kwa wanawake 8 kati ya kila 10,000 kwa mwaka. Ni hatari ya kweli, lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda kwa damu au kiharusi, tiba ya homoni haimfai.

Kwake zipo njia nyingine: dawa za venlafaxine na gabapentin, na tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili mawazo na mwenendo wakati joto linapopanda. Kwa ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa kuna estrojeni ya kupaka ukeni, kiasi kidogo, ambayo kidogo sana huingia kwenye damu. Mama akitajiwa hizi na bado akachagua kuvumilia, amechagua. Asipotajiwa, amenyimwa.

"Dawa iliyonirudishia hedhi imenirudishia ujana."

Uongo wa hatari. Miezi 12 ikipita bila hedhi, damu yoyote inayotoka, hata tone la rangi ya chai, inahitaji uchunguzi. Mara nyingi ni ukuta wa uke uliokonda au uvimbe mdogo usio na madhara, lakini yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wa kizazi, ambazo zikiwahiwa hutibika. Daktari atakagua mlango wa kizazi, atapima kwa ultrasound, na pengine atachukua kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Nenda wiki hiyo hiyo, na kopo ulilokuwa ukitumia libebe umwonyeshe.