Ndege ndogo imepatikana, lakini italala wapi?

Mashariki mwa Congo, kupata hangari ya bei nafuu ni shida ambayo wenye ndege ndogo wanaikuta mara tu ndege inapofika. Mzigo wake hauishii kwao. Unawafikia pia wagonjwa, wachuuzi na wakaaji wa vijiji ambavyo barabara haifiki.

Asubuhi mapema, rubani ambaye ndege yake ililala inje hawashi motere kwanza. Anachukua kikombe cha plastiki, anainama chini ya bawa na kutoa mafuta kidogo kutoka ndani ya tanki. Kama mvua ilinyesha usiku na kifuniko cha tanki kimechakaa, maji yameingia. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini ya kikombe. Anamwaga, anachota tena, mpaka aone mafuta matupu. Kisha anafungua motere kutazama kama hakuna kiota, na anachunguza kila tundu ambalo mdudu anaweza kuingia.

Kazi hiyo inafanywa hata kwa ndege iliyolala ndani. Tofauti ni kwamba yule aliyelaza ndege yake inje anajua kwamba siku moja atakuta kitu.

Kwa wengi wetu huku, neno hangari linakumbusha soko: paa la mabati juu ya nguzo, wamama wamepanga bidhaa chini. Hangari ya ndege inatoka katika wazo hilo hilo, ila ina shida moja ambayo soko halina. Inatakiwa iwe na nafasi kubwa sana bila nguzo katikati, na mlango mpana kuliko nyumba nyingi za mjini. Hapo ndipo bei inapopanda.

Jua, mvua na moshi wa volkano

Ndege ndogo nyingi zimetengenezwa kwa aluminiamu. Chuma hicho hakishiki kutu nyekundu kama bati, lakini nacho kinaliwa. Unyevu ukiingia kwenye maungio, unakitafuna polepole kutoka ndani, pahali ambapo jicho halioni. Jua nalo linaharibu rangi, linakausha mipira ya magurudumu, na vioo vya plastiki vinakuwa na ukungu mpaka rubani haoni vizuri mbele yake.

Kwa wakaaji wa Goma, Rutshuru na Masisi kuna jambo lingine. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya kiberiti, na mvua ikipita ndani yake inashuka ikiwa na asidi. Mabati ya nyumba karibu na volkano yanatoboka mbele ya wakati. Ndege iliyoachwa inje inapokea mvua hiyo hiyo.

Hata mdudu mdogo ni hatari. Tarehe 6 mwezi wa pili 1996, ndege kubwa ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika. Watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walisema kwamba kimrija kinachopima mwendo wa ndege kilikuwa kimezibwa, na walidhani kuwa ni nyigu waliojenga humo. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini siku nyingi, na mbele ya ajali vimrija vyake havikuwa na vifuniko. Kama nyigu wanaweza kuangusha Boeing, Cessna iliyoachwa kwenye majani inahitaji uangalifu zaidi.

Kuna pia kazi ya fundi. Ndege haingojei iharibike ndipo itengenezwe, bali inafunguliwa na kukaguliwa kila baada ya masaa fulani ya kuruka. Motere haifunguliwi chini ya mvua, na sehemu ndogo hazipangwi kwenye udongo. Pasipo na hangari, fundi anangoja anga litulie, au anafanya haraka haraka. Yote mawili yana bei yake.

Unalipia nini hasa?

Chukua Cessna 172, ndege ya watu wanne. Tangu 1956 zimetengenezwa zaidi ya 44,000, na ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni meta 11. Urefu wake ni meta 8 na kidogo. Ukiichorea boksi chini, inachukua karibu meta za mraba 90, lakini mwili wake ni mwembamba na sehemu kubwa ya boksi hilo ni hewa tupu. Cessna Caravan, ambayo watu wa Shabunda, Bunia na vijiji vya Maniema wanaifahamu, ina mabawa ya karibu meta 16. Mwenye hangari anatoza kwa nafasi, kwa hiyo unalipia hata hewa iliyo kati ya bawa na mkia.

Juu ya nafasi kuna mambo manne: kiwanja chenyewe, paa, mlango na mlinzi wa usiku. Viwanja vikubwa vya inchi viko chini ya RVA, shirika la serkali lililoundwa 1972, na anayetaka kujenga humo lazima apate ruhusa yake. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni mali ya serkali pekee, raia anapewa haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya mabati. Swali ni hili: mkataba ukiisha, hangari uliyojenga itakuwa ya nani?

Shida hii haiko Congo peke yake. Marekani, pahali ndege ndogo ni nyingi kuliko inchi yoyote, kuna viwanja ambapo mtu anangoja miaka mbele apewe nafasi. Kwa upande mmoja ni kwa sababu hangari nyingi zilikuwa zimegeuka kuwa depo: ndani mna fanicha, gari bovu na mashua, ndege iko inje. Serkali ya huko ikatoa maagizo yaliyoanza kufuatwa mwezi wa saba 2017: katika viwanja vilivyopokea feza za serkali kuu, hangari ni ya ndege kwanza. Hapa kwetu pia, kabla ya kuomba pahali papya pa kujenga, ingefaa kutazama majengo yaliyopo yanatumika kwa nini.

Ndege ikilala mbali, mgonjwa ndiye analipa

Baadhi ya ndege ndogo zinazofanya kazi mashariki mwa Congo zinalala inje ya inchi, kama vile Entebbe au Kajjansi huko Uganda, ama Wilson mjini Nairobi. Huko kuna hangari, mafundi, vipuri na mafuta. Ni chaguo linaloeleweka, lakini hesabu yake ni nzito.

Kutoka Entebbe mpaka Bunia ni karibu kilometa 300 kwa njia ya anga. Cessna 206, ndege ya watu sita, inatumia zaidi ya saa moja kufika, na motere yake inakunywa lita 50 hadi 60 kwa saa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya lita 120, mbele haijabeba mtu hata mmoja kutoka kijijini. Ongeza ruhusa za kuvuka mpaka, formalite za duane na masaa ya motere yanayohesabiwa hata ndege ikiwa tupu. Mama anayengoja kufanyiwa upasuaji haoni hesabu hiyo, lakini imo ndani ya bei ya safari, au ndani ya saa anazongoja.

Kwa Shabunda au Punia jambo hili si la matajiri. Barabara ikikatika, ndege ndogo ndiyo inaleta dawa, chumvi, sabuni na munganga. Huko Kilambo, teritware ya Walikale, ndege za kubeba kasiterite ziliwahi kutua juu ya barabara ya lami, kwa kuwa hapakuwa na kiwanja kingine. Pahali kama hapo ndege inatua, inashusha, inaruka. Hailali.

Kwa nini watu wanaogopa kujenga

Hangari ni mali isiyokimbia, na mashariki mwa Congo mali isiyokimbia inatia hofu.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mwezi wa tisa mwaka huo huo, Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, ilishambuliwa. Palikuwa na hospitali kubwa, kiwanja kidogo na ndege za misioni. Watu wengi sana waliuawa, hospitali ikaporwa, na kazi ya ndege ikahamia pahali pengine kwa miaka. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kiwanja cha Goma kilifungwa wakati M23 ilipoingia mjini. Katikati ya mwezi wa pili, waasi hao walichukua pia kiwanja cha Kavumu, kinachohudumia Bukavu.

Ndege ilikuwa na nafasi ya kuruka. Jengo halikuwa nayo. Anayefikiri kuweka feza zake katika saruji na vyuma anakumbuka hayo yote, na banki pia inakumbuka.

Njia zinazopunguza bei

Ya kwanza ni kukaa pamoja. Hangari moja inaweza kupokea ndege tatu au nne zikipangwa kwa akili: mkia wa hii unaingia kati ya mabawa ya zile mbili, na yenye mabawa ya chini inasukuma bawa lake chini ya bawa la jirani. Kodi inagawanywa, na mlinzi pia. Ubaya ni kwamba kila kutoa ndege moja ni kusogeza nyingine, na bawa linakwaruzwa kwa urahisi. Ni vizuri kuandikiana mapema nani anasogeza, nani analipa kikivunjika kitu.

Ya pili ni paa bila kuta, kama lile la soko. Halizuii vumbi wala upepo, lakini linazuia jua na sehemu kubwa ya mvua. Kwa ndege inayoruka karibu kila siku, hilo linatosha mara nyingi.

Ya tatu inafaa zaidi mazingira yetu: kontena mbili. Kontena ya futi 40 ina urefu wa meta 12 na kidogo, urefu ambao Cessna 172 inaingia yote. Kontena mbili zikiwekwa sambamba, meta 13 kati yake, na paa la vyuma vilivyofungwa kwa bulo likakaa juu yake, hangari imepatikana. Ndani ya kontena mnawekwa vyombo vya fundi na ofisi ndogo, ila si mafuta, kwa sababu ya moto. Paa lazima lifungwe kwa nguvu na kontena zishikwe chini kwa saruji au mzigo, maana upepo ukiingia chini ya paa pana unaliinua kama mwamvuli. Faida kubwa ni kwamba vita au volkano ikija karibu, au mkataba ukivunjika, bulo zinafunguliwa na mali inapakiwa juu ya lori.

Ya ine ni kwa yule ambaye hana namna: kulala inje kwa utaratibu. Ndege inafungwa pahali patatu, kwenye mabawa mawili na mkia, kwa kamba ya nailoni. Kamba ya katani inajikaza ikilowa na inaweza kuvuta bawa vibaya. Kila tundu linawekewa kifuniko chenye utepe mwekundu, ili asiruke mtu amekisahau. Vioo vinafunikwa kwa kitambaa laini na safi, kwani vumbi chini ya turubai linakwaruza plastiki kama msasa.

Maswali ya kuuliza mbele ya kusaini

Aliyepata hangari ya kukodi asiangalie bei ya mwezi peke yake. Apime mlango kwa mkono wake: upana, na pia urefu kwenda juu, kwa sababu mkia wa Cessna 172 unafika meta 2.70. Aje siku ya mvua, aone maji yanaelekea wapi. Aulize nani analinda usiku, na nani mwingine ana ufunguo. Aulize asiransi ya nani italipa hangari ikiungua. Aandikiwe muda wa mkataba, na siku ngapi za kumjulisha akitakiwa kutoka. Anayejenga mwenyewe aombe iandikwe wazi kwamba anaweza kuondoa vyuma vyake.

Hospitali, parokia na vyama vya wachuuzi vinavyokusanya feza kwa ajili ya ndege vinahesabu kwa kawaida motere, mafuta na mshahara wa rubani. Paa linasahauliwa mpaka siku ndege inapofika. Heri liandikwe katika hesabu ya kwanza, pamoja na jina la kiwanja ambacho tayari kimekubali kulipokea. Bila hivyo, ndege iliyonunuliwa kwa ajili ya kijiji cha Congo itajikuta inalala Uganda, na kijiji kitalipa safari yake kila asubuhi.