Siku ya Madrasa Katika Bustani ya Nyoka ya Meserani

Mzee mmoja wa kamati yetu aliipinga safari hii tangu siku ilipotajwa. Hoja yake ilikuwa fupi: nyoka ni adui, na mtu hatoi kiingilio kwenda kumtazama adui yake. Wajumbe wengine walitaka watoto wapelekwe Hifadhi ya Taifa ya Arusha wakaone twiga na nyati, na hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini watoto wa madrasa yetu hawaishi na twiga. Wanaishi na nyoka. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimepakana na mashamba ya mahindi, na njia ya kuja msikitini kwa swala ya Alfajiri hupita kwenye majani marefu. Masika iliyopita mwanafunzi wetu mmoja aliumwa mguuni akiwa njiani. Alipelekwa kwanza kwa jirani mwenye jiwe jeusi, zikapita saa tatu kabla hajafikishwa hospitali. Alhamdulillah, yu hai, ila mguu wake bado haujarudi katika hali yake.

Kwa sababu hiyo, likizo ya Juni ilipofika, tulikodi basi dogo, tukapakia watoto, akina mama sita, masufuria ya pilau na vidumu vya maji ya udhu, tukaelekea Meserani.

Meserani iko wilaya ya Monduli, kiasi cha kilomita 25 kutoka Arusha mjini, kwa barabara iendayo Makuyuni na Ngorongoro. Ukishapita Kisongo nchi hufunguka. Miti hupungua, vumbi huongezeka, na makundi ya ng'ombe na mbuzi wa Wamasai huonekana pande zote mbili. Bustani yenyewe ipo kando ya barabara, nayo haina fahari ya kumshangaza mpita njia. Iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na familia moja iliyotoka Afrika Kusini ikafanya makazi hapa. Humo mna vyumba vidogo vya nyoka vyenye kioo upande wa mbele, mabwawa ya mamba yaliyozungushiwa ukuta, kobe, kenge, ndege kadhaa, jengo dogo la maonyesho ya maisha ya Wamasai, na ngamia wa kupanda kwa anayetaka. Kwa mwendo wa watu wazima mtu huimaliza kwa saa moja. Kwa mwendo wa watoto ilituchukua asubuhi nzima, na hapo ndipo tulipoona faida ya mahali padogo. Katika hifadhi kubwa mtoto huona mgongo wa tembo kwa mbali kupitia dirisha la gari, kisha husinzia. Hapa husimama hatua moja kutoka kwa kiumbe, akamtazama macho kwa macho, na akimaliza huweza kurudi nyuma kumtazama tena.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kimasai mwenye sauti ya upole. Alianza kwa kuwauliza watoto nani kati yao anaogopa nyoka. Mikono yote ikainuka, na wake pia. Baada ya hapo walimfuata kama vifaranga.

Kwenye kioo cha kwanza alikuwapo koboko. Watoto walitazamia nyoka mweusi tititi, wakakuta wa rangi ya kijivu, mwembamba, mwenye kichwa kirefu. Kijana akaeleza kwamba weusi anaoitiwa na Wazungu uko ndani ya kinywa chake, naye hukifunua pale anapotishia. Kisha tukaona nyoka wa kijani wa mitini, swila atemaye mate, na chatu aliyejikunja kama gurudumu la lori. Chatu hana sumu. Huua kwa kubana. Jike lake hutaga mayai na kuyazungushia mwili wake mpaka yaanguliwe, jambo lililowafanya akina mama wetu wamtazame kwa jicho jingine kabisa.

Pale kwenye kifutu, ambaye watu wa pwani humwita bafe, tulikaa muda mrefu kuliko pengine popote, na kwa makusudi. Ni mnene, mfupi, mwenye mabaka yanayofanana na majani makavu na udongo. Watoto walisimama mbele ya kioo wakalalamika kwamba chumba ni kitupu, hadi kijana alipowaonyesha kichwa kilipo. Naam, hilo ndilo somo la kifutu. Nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa hatua za mtu hukimbia. Yeye hutegemea kutokuonekana, akabaki palepale hadi akanyagwe, na usiku hupenda kulala njiani. Mtoto anayekwenda swala ya Isha au Alfajiri bila taa, miguu wazi, ndiye anayekutana naye. Tuliwaacha watafute wenyewe kichwa cha kifutu wa pili katika chumba cha pembeni. Aliyekiona kwanza alikuwa binti wa miaka saba.

Akaja mwingine ambaye hatukumjua, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa aitwaye boomslang, jina la Kiafrikaans lenye maana ya nyoka wa mti. Ni mpole na meno yake ya sumu yako nyuma kinywani, kwa hiyo zamani hata wajuzi walimdharau. Mwaka 1957 mtaalamu mashuhuri wa nyoka wa Chicago, Karl Schmidt, aliumwa na mtoto wa nyoka huyu. Hakuona sababu ya kutafuta matibabu, akawa anaandika daftarini kila dalili iliyomjia. Siku iliyofuata alifariki dunia kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Kisa hiki tuliwasimulia wavulana wakubwa, wale ambao tayari walikwisha kuanza kujigamba.

Binti mmoja wa darasa la nne, aliyekuwa kimya tangu tulipoingia, ndiye aliyetupa swali gumu la siku ile. “Ustadhi, huyu amekosa nini hata afungwe?”

Swali hili ni la zamani, na wanazuoni hawakulipuuza. Watoto wetu wanaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Sambamba nayo ipo habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kindege cha kuchezea, kilipokufa Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwa kumtania kwa upole. Kutokana na hadithi hiyo fupi mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass alitoa mafunzo 60, na miongoni mwake ni kujuzu kumweka ndege tunduni. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja unapata mpaka: kufuga ndani ya uzio kunaruhusiwa, kudhulumu hakuruhusiwi. Tulimwambia binti yule atazame mwenyewe kama kuna maji, kama kuna kivuli, kama mnyama ana afya. Akaenda kukagua chumba kimoja kimoja kwa uzito wa mkaguzi wa serikali.

Maoni yetu ni kwamba nyoka, ambaye hata porini hulala mahali pamoja sehemu kubwa ya siku, huumizwa na uzio kidogo kuliko kiumbe mwenye mabawa. Ndege mkubwa ndani ya tundu, mahali popote duniani, hututia unyonge, na hatukuwaficha watoto hisia hiyo. Katika vyuo vyetu tumesoma kuhusu Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, ambaye kitabu chake Hayat al-Hayawan kimewapanga wanyama kwa herufi na kueleza sifa na hukumu za kila mmoja. Mwanachuoni wa fiqhi aliona inafaa kutumia umri wake kuwaandika mjusi na nyuki. Wazazi wanaoona ziara kama hii ni mchezo mtupu wangelifikiria hilo.

Mwishoni kijana alimtoa nyoka mdogo wa kahawia, asiye na sumu, akawaruhusu wenye ujasiri wamshike. Walitegemea ute, wakakuta ngozi kavu na laini. Wavulana wawili waliojigamba walirudi nyuma. Mzee wetu aliyepinga safari, ambaye hata hivyo alikuja nasi, alinyoosha mkono akamshika, hakusema neno.

Karibu na bustani hiyo ipo zahanati iliyoanzishwa na familia ile, inayowahudumia wanavijiji wa jirani na iliyojulikana kwa kutibu walioumwa na nyoka. Mazungumzo yetu hapo yalikuwa marefu, nasi tunayafikisha kwa wasomaji kwa sababu yanahusu uhai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliyaweka majeraha hayo katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa ya nchi za joto. Dawa inayoondoa sumu hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo husafishwa. Ni ghali, na watengenezaji ni wachache. Kampuni ya Kifaransa ya Sanofi ilisimamisha mwaka 2014 uzalishaji wa dawa yake iliyotumika sana Afrika. Basi dawa haipatikani katika kila kituo, na kila saa inayopotea kwa jirani mwenye jiwe ni saa ya sumu kufanya kazi.

Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Kuchanja kwa wembe huongeza damu na uchafu. Kufunga kamba kwa nguvu huweza kuua mguu ambao ungepona. Anayeumwa alazwe, atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, kiungo kifungwe kwenye ubao kisitikisike, apelekwe hospitali kwa chombo chochote kitakachopatikana upesi. Aliyetemewa mate machoni aoshwe kwa maji mengi papo hapo. Dua isomwe, na isomwe garini. Nyoka mwenyewe asifukuzwe. Sheria imeruhusu kumuua mwenye madhara, lakini wengi huumwa wakati wanapojaribu kumuua.

Kwa familia zinazokusudia kwenda: ondokeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na ulizeni viingilio mapema, kwani vya wenyeji na vya wageni hutofautiana. Chukueni chakula chenu. Upande wa kambi ya watalii una baa, kama zilivyo kambi nyingi za namna hiyo. Familia haina haja ya kupita huko. Watoto wa chini ya miaka minne hawakufaidi chochote ila ngamia. Kuhusu swala, masafa hayo hayafiki ya kupunguza, hivyo Adhuhuri tuliiswali rakaa nne kwenye mikeka chini ya mgunga, baada ya kijana wetu wa Kimasai kupita na fimbo kuyakagua majani.

Jumapili iliyofuata kamati ilipitisha matumizi mawili: tochi tano za kuwasindikiza watoto wa Alfajiri, na kufyeka majani ya njia ya msikiti kila mwezi wakati wa mvua. Aliyetoa hoja ya kufyeka ni mzee yule. Kwenye ukuta wa madrasa sasa pana karatasi yenye namba ya simu ya dereva wa bajaji aliyekubali kuamshwa saa yoyote ya usiku, na chini yake pana kifutu kilichochorwa na binti wa miaka saba. Wageni huchukua muda kukiona kichwa.