Uhai Ndani ya Tangi la Dizeli

Lori lililosheheni mzigo linapopanda mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, ndipo injini inapodai mafuta kwa wingi. Kama filta ya dizeli imeanza kuziba, siri hutoka hapo hapo: gari linapungua nguvu, linatweta, mwishowe linazimika kwenye kona na foleni inarundikana nyuma yake. Tajiri akipigiwa simu, swali lake la kwanza ni dereva alijaza mafuta kituo gani. La pili, ambalo pengine halisemi waziwazi, ni kama dereva ameuza dizeli njiani na kufidia kwa maji.

Huenda kweli dereva ana kosa. Lakini filta ikifunguliwa ikakutwa imefunikwa na utando mweusi unaoteleza kama kamasi, yafaa kabla ya kumfukuza mtu kazi ijulikane kwamba uchafu ule haukumwagwa na yeyote. Umeota.

Naam, umeota. Kuna aina za ukungu na bakteria ambazo chakula chao ni mafuta. Jambo hili liliwasumbua sana wenye ndege katika miaka ya 1950 na 1960, ndege za jeti zilipoenea. Mafuta ya jeti ni ndugu wa mafuta ya taa, na ukungu ulikutwa umestawi ndani ya matangi ya mabawa, ukiziba filta na kula bati la aluminiamu. Ukungu wa jamii hiyo hiyo ndio unaokutwa katika dizeli.

Hata hivyo vijidudu hivi haviwezi kustawi katika dizeli kavu. Vinahitaji maji. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hutuama chini ya tangi, navyo hukaa pale maji na mafuta yanapokutana. Tuseme miguu iko majini na mdomo uko kwenye mafuta. Maji kidogo tu ya kwenye kona ya tangi yanatosha. Tena vikila mafuta hutengeneza maji mengine, pamoja na tindikali inayotoboa chuma. Bakteria wengine hukaa chini kabisa pasipo na hewa na kutoa harufu ya yai viza.

Maji hayo yanatoka wapi? Mchana hewa yenye unyevu huingia katika tangi lililo nusu. Usiku, hasa kwenye baridi ya Makambako au Mbeya, hewa ile hupoa na umande hushika kuta za tangi kwa ndani, kisha hutiririka chini. Dizeli yenyewe ikiwa ya moto hubeba maji kidogo yaliyoyeyuka, ikipoa huyaachia. Mfuniko usiokaza huingiza mvua. Na kituo cha mafuta kisichotoa maji katika matangi yake ya ardhini huwauzia wateja maji pamoja na vijidudu.

Lori linalotembea kila siku humaliza dizeli yake mapema. Hatari zaidi ni kwa lori linalokaa, ama gereji likisubiri vipuri, ama mpakani likisubiri zamu. Jenereta ya akiba nayo ni vivyo hivyo: dizeli yake hukaa miezi mingi, halafu umeme unakatika mgonjwa akiwa mezani kwa daktari wa upasuaji, na ndipo hospitali inagundua kwamba filta imeziba.

Kinga yake ni kuyanyima maji nafasi. Kitenganisha maji kilicho kwenye filta kifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, na nati ya chini ya tangi ilegezwe mara kwa mara maji yatoke. Lori lilale tangi likiwa limejaa. Najua matajiri wengi hawapendi ushauri huu, maana tangi lililojaa ni mwaliko kwa wanaonyonya mafuta usiku. Lakini kufuli ya mfuniko ni rahisi kuliko pampu mpya.

Mwenye shaka achukue mafuta ya chini kabisa ya tangi, ayatie katika chupa safi ya kioo na kuyaacha yatulie. Maji yatakaa chini. Kati yake na dizeli kukiwa na ngozi ya kahawia au nyeusi, ugonjwa ni huo.

Zipo dawa maalumu za kuua vijidudu vya dizeli. Watu hukosea wanapodhani kumwaga dawa ndiyo mwisho wa kazi, kumbe vijidudu vilivyokufa huziba filta sawasawa na vilivyo hai. Maji yatolewe kwanza, dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa na iachwe kwa muda ulioelekezwa, kisha tope litolewe. Tangi likiwa na utando mwingi lishushwe lisafishwe na fundi anayeijua kazi hiyo. Dawa hizo ni sumu, hivyo mipira ya mikono ni lazima, na maji machafu yasimwagwe mtaroni. Jiki isitumike kamwe, kwani huongeza kutu.

Filta zote zibadilishwe. Na kwa safari mbili tatu za kwanza utingo abebe filta za akiba, maana mabaki yaliyoganda ndani ya mabomba yataendelea kuja.