Kitabu cha Kusikilizwa na Siku Zake

Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni mahali pa soko na biashara nyingi. Jina lake latokana na jeshi la wapagazi la Waingereza la wakati wa vita vya 1914 hata 1918. Vita hivyo hivyo vilikuwa asili ya jambo jingine, yaani kitabu cha kusikilizwa. Askari wengi walirudi kwao Uingereza hali wamepofuka. Mmoja wao, Ian Fraser, aliyepoteza macho yake vitani mwaka 1916, alijitahidi sana ili wenziwe wapate kusoma kwa masikio. Mwaka 1935 vipofu wa huko walianza kuazimwa vitabu vilivyotiwa katika santuri. Upande mmoja wa santuri ulisema kwa muda wa dakika 25 hivi, basi kitabu kimoja kilihitaji santuri kama 10.

Siku hizi kitabu kizima huingia katika simu. Maktaba nyingi za Ulaya na Marekani huviazimisha kwa njia ya intaneti, mara nyingi kwa siku 14 au 21. Siku zikiisha, kitabu hujifunga chenyewe, hata kama msikilizaji hajafika mwisho. Sababu yake ni hii: maktaba hulipia kila nakala, na kwa kawaida nakala moja ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wengine hungoja zamu zao.

Msomaji wa karatasi aweza kuharakisha macho yake, lakini sikio hufuata ulimi wa asomaye. Kwa hiyo mwenye kuazima hana budi kupima. Zamani wauza nafaka walipima kwa kibaba, na vibaba 4 vilifanya pishi 1. Hali kadhalika saa za kitabu zigawanywe kwa siku. Kitabu cha saa 21 kikiazimwa kwa siku 14, kila siku yataka saa 1 na nusu: nusu saa asubuhi, nusu saa mchana, na nusu saa usiku. Lakini mtu akipoteza siku 7 za kwanza, zile zilizobaki zitamdai saa 3 kila siku. Aweza kuongeza mwendo wa sauti kwa robo, na saa 21 zitapungua hata chini ya 17. Ila akizidisha mno, atasikia maneno asipate maana. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika Kariakoo iko Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambamo watoto wasioona husoma pamoja na wenzao waonao. Kwa mtoto asiyeona, kitabu cha namna hii si kitu cha kupitishia wakati tu, bali ni mlango wa elimu. Basi amalizaye kabla ya siku zake na akirudishe mara moja, wala asiazime vitatu hali ana nafasi ya kimoja. Huenda yule angojaye nyuma yake hana macho ya kusomea kingine.