Kivumbasi: Karafuu ya Porini

Je, wajua kwamba ukipiga kambi kwenye misitu ya miombo mkoani Songwe unaweza kunywa chai yenye harufu ya karafuu, mbali kabisa na mikarafuu ya Pemba? Harufu hiyo ni ya kivumbasi, kichaka cha kimo cha mtu kinachoota kando ya njia na kwenye mashamba yaliyolazwa.

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani na mnanaa. Shina lake changa lina pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na kingo zake zina meno kama msumeno. Juu ya jani kuna vifuko vidogo mno vya mafuta. Ukilifikicha, hupasuka na harufu hutapakaa mkononi.

Katika vivumbasi vingi, kiungo kikuu cha mafuta hayo ni yujenoli, ileile iliyomo kwenye karafuu, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Mmea hauitengenezi kwa ajili yetu, bali kujikinga na wadudu. Wakulima wa Afrika Mashariki waliling'amua hilo zamani, wakachanganya majani ya kivumbasi na nafaka ghalani. Mwaka 1990, mtafiti Ahmed Hassanali na wenzake walichapisha utafiti kuhusu viambato vya kivumbasi na karafuu vinavyofukuza fukusi. Kwa mkoa unaolima mahindi kama Songwe, hilo si jambo dogo.

Juni na Julai, baridi ya Tunduma na Mbozi humtafuta mtu hadi kwenye mifupa, na hapo ndipo chai hii inapofaa. Chuma ncha changa, zisuuze, uzifikiche. Chemsha maji, ipua, tia majani, kisha funika dakika tano hadi kumi. Usiache kufunika, kwa sababu mafuta haya huruka na mvuke. Sufuria ikikaa wazi, harufu huishia hewani. Ukipata asali ya msituni, itie.

Usichume mmea usioujua, wala ulioota kando ya barabara kuu au shamba lililopigwa dawa. Mjamzito na anayetumia dawa za hospitali wamwulize kwanza mhudumu wa afya. Na usiking'oe kivumbasi: ukikata ncha tu, kitachipua matawi mapya, na atakayepiga kambi baada yako naye atapata chai.